Mchoraji aliyekataa kuchora

Tora anaingia kwenye duka la vitabu vya zamani mtaa wa Jimbocho, Tokyo, ameshika karatasi moja. Ni karatasi ya kuchorea ya mtoto wa darasa la kwanza, mali ya mpwa wake Mitsuo. Juu yake kuna mistari michache ya brashi inayotoa umbo la johari ya heri, lile duara lenye ncha juu ambalo Wajapani hulichora kutakiana baraka. Aliyeuchora ni mzee mchakavu ambaye Tora alimwokota kwenye baa, akamlipia bili, akampeleka kwao kulala. Sasa mzee amemtuma: nenda na karatasi hii kwa fulani, atakupa chochote.

Mwenye duka anaitazama bila hamu. Kisha anaitazama tena, safari hii kwa makini.

Mwishowe anatoa yeni 70,000.

Hii ni *Otoko wa Tsurai yo: Torajiro Yuyake Koyake*, filamu ya 17 katika mfululizo wa vichekesho wa mwongozaji Yamada Yoji, iliyotoka Julai 1976. Nimeirudia mara nyingi, na kila nikifika mwisho nabaki na swali lilelile, ambalo kwa wiki kadhaa sasa halijanipa nafasi ya kuandika kitu kingine. Mzee huyu alichora kwa dakika chache ili kulipia chakula na malazi. Kwa nini baadaye anakataa kuchora picha ambayo ingemrudishia mwanamke maskini akiba yake yote aliyotapeliwa?

## Kanuni, na mahali ilipovunjwa

Anayeujua mfululizo huu anaijua kanuni yake. Kwanza ndoto. Kisha Tora, mmachinga anayezunguka Japani nzima akiuza vitu kwenye sherehe za mahekalu, anarudi Shibamata, mtaa wa kwao Tokyo, kwenye duka la familia la vitafunio vya madonge ya unga wa mchele. Siku haiishi kabla hajagombana na baba mdogo. Anaondoka. Safarini anakutana na mwanamke. Mwanamke anakuja Shibamata, Tora anapenda, na mapenzi yanaishia pabaya: ama anakataliwa, ama anakimbia mwenyewe pale anapokubaliwa. Anabeba sanduku lake na kurudi barabarani.

Filamu 48 kati ya 1969 na 1995, Atsumi Kiyoshi ndiye Tora katika zote, na kwa miaka mingi mbili kila mwaka: moja ya sikukuu ya wafu wakati wa kiangazi, nyingine ya mwaka mpya. Kwa mwendo huo huwezi kuanza upya kila mara. Unabadilisha kipande kimoja, unaacha vingine vikae palepale ili mtazamaji asikie tofauti.

Katika filamu ya 17 vipande viwili vimehamishwa. Cha kwanza: anayeletwa nyumbani mwanzoni ni mzee wa kiume, na nafasi ambayo mara nyingi ni ya mwanamke anaishika yeye kwa theluthi nzima ya filamu. Cha pili: hakuna kuvunjika moyo. Tora na geisha Botan wanaachana wakiwa marafiki, wanakutana tena mwishoni, na filamu inaishia hapo hapo, wakiwa pamoja. Kwa mfululizo uliojengwa juu ya mwanaume kukosa, huo ni uamuzi mkubwa.

Halafu kuna jambo la tatu, ambalo sikuliona haraka. Kila kitu kinachotokea humu kinategemea jina la mtu.

## Jina linalochekwa

Filamu inaanza na ndoto ya papa, mzaha juu ya ile filamu ya Marekani iliyokuwa imetamba miezi michache nyuma. Watu wengi huruka sehemu za ndoto, na hapa ukiruka hupotezi mengi. Usiruke kinachofuata.

Mitsuo ameanza shule. Siku ya sherehe mwalimu anagundua kwamba mtoto huyu ni mpwa wa Tora, analisema mbele ya wote, na wazazi waliojaa darasani wanaangua kicheko. Sakura, mama wa mtoto na dada mdogo wa Tora, anarudi nyumbani amenyong'onyea. Hakusema mtu neno baya. Lilitajwa jina tu.

Tora anapopata habari anakasirikia mwalimu kwanza, kisha familia, kwa sababu anasikia katika ukimya wao kwamba kosa ni lake. Yamada anaijenga fujo hii ndani ya seti ambayo watazamaji wake wanaweza kuichora kwa kumbukumbu: mbele meza za wateja, kisha chumba kilichoinuliwa chenye mikeka ya tatami, jiko kando, na nyuma uwanja mdogo unaopeleka kwenye kiwanda cha uchapaji cha jirani. Mgombanaji hana pa kwenda isipokuwa juu ghorofani au nje barabarani. Tora anachagua barabara, anaishia baa, na huko ndiko anakomkuta mzee asiye na senti.

Sasa fuatilia mzee anavyoishi pale dukani. Anaamka anapotaka. Anataka maji ya kuoga yapashwe moto. Anakwenda kula samaki wa mkunga, chakula cha bei, na bili inaletwa dukani. Familia inaudhika, na ina haki, kwani baba mdogo na mama mdogo wanaamka alfajiri kuandaa biashara. Mzee hana kiburi cha kujionyesha. Anadhani tu yuko nyumba ya wageni na atalipa akiondoka, kwa kuwa hajazoea maisha mengine.

Uno Jukichi anamcheza kwa sauti ya chini na macho yanayokwepa, hadi unashindwa kuamua kama amechoka au ana aibu. Watazamaji wa 1976 walimjua Uno kama nguzo ya tamthilia za kisasa Japani, mmoja wa waanzilishi wa kundi la Mingei mwaka 1950. Walishuku mapema kwamba mzee huyu si mtu wa hivi hivi. Familia ya Tora ndiyo pekee isiyojua, na hapo ndipo vicheko vyote vya sehemu hii vinapotoka.

Kumbe ni Ikenouchi Seikan, mchoraji mkubwa wa taifa.

Karatasi haikubadilika. Wino ni ule ule. Kilichoongezeka ni jina, na jina hilo ni yeni 70,000. Tora anarudi mbio nyumbani akiwa na mpango wa kumkalisha mzee achore zaidi na zaidi, anamkuta ameshaondoka.

## Majina ya kujifichia

Tora anasafiri hadi Tatsuno, mji mdogo wa mkoa wa Hyogo unaojulikana kwa mchuzi wa soya wa rangi nyepesi na kwa mshairi Miki Rofu, aliyezaliwa hapo na kuandika maneno ya wimbo wa kereng'ende mwekundu wa jioni ambao kila mtoto wa Kijapani anaujua. Jina la filamu limechotwa kwenye machweo ya wimbo huo. Huko anakutana tena na Seikan, aliyealikwa na manispaa. Maofisa wanamchukulia Tora kuwa msaidizi wa bwana mkubwa, na karamu zinamwangukia yeye kwa sababu mchoraji anazikimbia. (Ofisa kijana anayehangaika nyuma yao ni Terao Akira, mtoto wa kumzaa wa Uno Jukichi. Ukijua hilo, heshima yake ya kujikunyata mbele ya mzee inapendeza mara mbili.)

Kwenye karamu anakutana na Botan, geisha anayechezwa na Taichi Kiwako. Ni mwanamke mwenye ulimi mwepesi na kicheko kikubwa, na wawili hawa wanaelewana mara moja. Wote wanaishi kwa kuchangamsha watu wasiowajua, wanajuana kwa hilo bila kuambiana. Tora akiondoka anamtupia utani kwamba siku moja wataoana. Botan anautunza utani huo na kuja nao Tokyo.

Lakini kilichomleta ni deni. Mwanaume aitwaye Kito alimchukulia yeni milioni 2, akiba yake yote, akimwahidi faida. Kampuni imefilisika, pesa zimekwenda.

Anayekwenda naye kudai ni jirani wa nyuma, mwenye kiwanda cha uchapaji, yule ambaye katika filamu zote kodi na madeni vinamkosesha usingizi. Ni chaguo la busara la mwandishi. Huyu ndiye mtu pekee mtaani anayeelewa hati za deni, kwa hiyo akishindwa yeye tunajua kwamba njia imefungwa kweli. Na anashindwa vibaya. Kito anaishi vizuri, ila kisheria hana kitu, kwa kuwa mali imeandikwa kwa majina ya jamaa zake. Nendeni mahakamani, anawaambia, na anajua wakienda watatoka mikono mitupu.

Msomaji wa Dar au Mombasa hahitaji kuelezwa mbinu hiyo.

Jirani anarudi ameinama. Tora anasikiliza kimya, jambo lisilo kawaida yake, kisha anainuka. Kama sheria haiwezi kumfanya kitu, atakwenda yeye. Amekasirika kwa sauti ya chini, na kwa Atsumi sauti ya chini ndiyo ya hatari. Akishatoka, Botan analia, anasema ana furaha, pesa hazitaki tena. Hakuna mwanaume aliyewahi kukasirika hivyo kwa ajili yake.

Filamu haimwadhibu Kito, hata kidogo. Hapati ajali, hafedheheshwi, hatumwoni tena. Mwanzoni niliona ni upungufu. Sasa nadhani kama Yamada angemwadhibu, tungeridhika mapema, na swali la Seikan lisingekuwa na uzito wowote.

## Hesabu ya Tora

Tora hapigi mtu. Anakwenda kwa Seikan.

Na hesabu anayokwenda nayo ni safi. Mchoro wa dakika chache, kwenye karatasi ya mtoto, ulileta yeni 70,000. Botan anadai 2,000,000. Ukigawa ni michoro isiyofika 29 ya aina ile. Au picha moja ya maana, yenye rangi, kwenye karatasi nzuri. Kwa mtu wa uwezo wa Seikan hiyo ni kazi ndogo, na atakayenufaika ni mwanamke aliyedhulumiwa. Nani angekataa?

Seikan anakataa.

Kuchora ndiyo kazi yake, anasema, na hawezi kuifanya kwa namna hiyo, kwa ajili ya kupata pesa. Tora anawaka. Anamkumbusha mzee alivyokula na kulala kwao, anamwona kama mwenye nacho anayemnyima maskini, na anaondoka kwa hasira.

Hapa ndipo penye mgogoro wangu na filamu hii. Kwa muda mrefu nilikuwa upande wa Tora kabisa. Kauli ya Seikan inasikika kama usafi wa mtu aliyeshiba. Na zaidi ya hapo inaonekana kujipinga: ile johari ya heri haikuwa kuchora kwa pesa?

Nikatazama tena mpangilio wa matukio, na tofauti iko hapo. Mara ya kwanza Seikan alikuwa analipa deni lake mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe. Hakutaja bei. Alichora, akakabidhi, na soko likasema lake. Mara ya pili bei imetangulia. Kuna shimo la milioni 2 na anaombwa atengeneze kitu cha ukubwa wa shimo hilo. Picha yenyewe iwe ya nini, ya nani, hakuna anayeuliza. Tora hajasema hata mara moja ichorwe nini. Kinachohitajika ni sahihi chini ya karatasi.

Kwa maneno mengine, anaombwa afanye na jina lake kile ambacho Kito amefanya na majina ya jamaa zake: jina liwe chombo cha kuhamishia pesa. Kwamba nia ya Tora ni njema hakubadilishi anachokiomba.

Simaanishi Tora ni mjinga. Ni mmachinga. Maisha yake yote ameuza kitu chochote kwa nguvu ya maneno, viatu leo, vitabu kesho, na bidhaa kwake haina utu. Anayejua kuuza hivyo anaona ajabu mtu kushindwa kuuza alichonacho mkononi.

## Kwa Bi Shino

Bado hilo halielezi kwa nini Seikan baadaye anabadilika na kuchora. Jibu limewekwa mapema zaidi, kwenye tukio ambalo ni rahisi kulichukulia kama mapumziko kati ya vichekesho.

Huko Tatsuno, wakati Tora anafurahia karamu, Seikan anakwenda peke yake kumtembelea mwanamke aliyewahi kumpenda ujanani, Shino. Wote ni wazee sasa. Wanakaa wakitazamana ndani ya nyumba tulivu. Seikan anamwambia kwamba anajuta, kwamba anaona ana lawama juu ya maisha ya Shino. Shino anamjibu kwa upole kwamba majuto hayaepukiki: yapo ya kujiuliza kwa nini sikufanya, na yapo ya kujiuliza kwa nini nilifanya.

Anayesema hivyo ni Okada Yoshiko. Alikuwa nyota wa filamu kabla ya vita. Mwezi Januari 1938 alivuka mpaka wa kisiwa cha Sakhalin kuingia Urusi ya Kisovieti pamoja na mwongozaji wa tamthilia Sugimoto Ryokichi. Walikamatwa. Sugimoto aliuawa kwa risasi mwaka 1939, Okada akafungwa miaka mingi. Alirudi Japani mwaka 1972. Miaka minne baadaye Yamada anamweka kwenye mkeka, anampa maneno hayo ayaseme, na kamera haifanyi chochote cha kumsaidia. Hakuna muziki wa kubana koo. Uso wake unatosha, na kila Mjapani mtu mzima kwenye ukumbi alijua umetoka wapi.

Sasa rudi Tokyo. Tora anapotoka kwa hasira, Seikan anabaki mahali anapopajua. Kuna mwanamke wa Tatsuno, safari hii Botan, anayehitaji kitu kutoka kwake, na yeye ametoa sababu nzuri ya kutofanya. Ni mara ya pili maishani. Sababu ni ya kweli, na haitamzuia kujuta.

Nadhani hapo ndipo anapoamua. Filamu haituonyeshi uamuzi huo, wala brashi ikishika rangi, na nashukuru.

## Picha ya milioni 2

Kiangazi. Tora amerudi Tatsuno kumjulia hali Botan, naye anamvuta ndani kumwonyesha kitu. Ni picha ya maua ya botani, ua lenye jina lake, yenye sahihi ya Seikan. Imetumwa kwake bila maelezo. Mtu wa manispaa ameshamwambia kwamba akiuza anapata milioni 2 bila shida.

Botan anasema hauzi, hata wamwekee milioni 10 mezani. Atakaa nayo maisha yake yote.

Je, ni kweli? Mwanamke aliyefuata milioni 2 hadi Tokyo aziache zikining'inia ukutani? Hili ndilo pingamizi kali kuliko yote, na nimesikia watu wakisema ni utamu wa sinema tu. Mimi naona Yamada amelilipia. Botan anaendelea kufanya kazi, hana njaa. Alishasema kule Shibamata, kabla ya picha yoyote, kwamba pesa hazitaki tena. Na tazama alichopewa: picha yenye thamani ile ile aliyoibiwa, ambayo imechorwa kwa ajili ya mtu na si kwa ajili ya kiasi. Seikan hakuvunja neno lake, maana hakuchora ili iuzwe. Botan naye akiiuza, atakuwa ameirudisha kuwa kile ambacho Tora aliomba na akanyimwa. Kwa kutouza ndiye anayekamilisha msimamo wa mzee.

Tora anaelewa papo hapo, bila kuhesabu. Anauliza Tokyo iko upande gani, anaelekezwa kwa kusitasita, kisha anajiweka sawa na kumwomba Seikan msamaha kwa sauti, pale barabarani, kwa maneno yote aliyomtolea. Wakati nacheka kwa ule utata wa mwelekeo, nagundua kwamba Tora ndiye wa kwanza katika filamu nzima kulitaja jina la mzee bila kutaka chochote kutoka kwake.

## Ukitaka kuitazama

Ina dakika 109. Si lazima uwe umeona 16 zilizotangulia, lakini ona ya kwanza ya 1969 kwanza, ili nyumba na watu wake viwe vimeshakukaa, na ukiweza ongeza yoyote ambayo Tora anaachwa, ili mwisho wa hii ukushangaze inavyopaswa. Kampuni ya Shochiku ilisafisha filamu zote kwa ubora wa 4K karibu na maadhimisho ya miaka 50 mwaka 2019. Tafuta nakala hizo, kwa sababu kwenye nakala za zamani rangi za Tatsuno zimefifia na nusu ya kazi ya mpigapicha Takaha Tetsuo inapotea.

Hakikisha manukuu yako yanatafsiri maneno ya Tora anapouza. Baadhi ya nakala huyaruka kwa sababu ni ya mizani na mizaha isiyohamishika kirahisi, na bila hayo utamwona mtu anayepiga kelele tu, usimwone mwenye ufundi.

Na ukifika kwa Bi Shino, hata kama umezoea kuandaa chai wakati wa sehemu za utulivu, kaa.